Namna ya Kuwatofautisha Ndege Wawili wa Chini ya Msitu wa Jozani

Katika Msitu wa Jozani, kisiwani Unguja, wanaishi ndege wawili wadogo wanaotafuta chakula chao chini, kwenye majani makavu na mizizi ya miti, ambao hata watu waliozoea kuangalia ndege huwachanganya. Wa kwanza ni Cossypha natalensis na wa pili ni Cercotrichas quadrivirgata. Wote wawili ni wa familia moja, Muscicapidae. Wote wana rangi inayokaribia ya chungwa kifuani. Wote hujificha vichakani na kujitokeza kwa muda mfupi tu. Na wote ni waimbaji hodari wa alfajiri na magharibi. Kwa wepesi wa kusoma, nitamwita wa kwanza kofia-nyekundu, kwa sababu utosi wake una wekundu wa kutu, na wa pili nitamwita mwenye ndevu, kwa sababu ya mistari miwili myeusi inayoshuka pembeni mwa koo lake jeupe.

Atakayewatafuta vitabuni ashike majina ya kisayansi, lakini kwa tahadhari. Mwenye ndevu amehamishwa jenasi (kundi la spishi zilizo jamaa, ambalo ndilo neno la kwanza la jina) zaidi ya mara moja: vitabu vingine vinamwandika Erythropygia, vingine Cercotrichas, na orodha za miaka ya karibuni zinamweka katika Tychaedon. Neno la pili, quadrivirgata, alilopewa na mtaalamu wa ndege Reichenow mwaka 1879, ndilo lililodumu, na ndilo la kufuata katika faharasa. Wenye ndevu wa Unguja na wenzao wa Mafia wamewekwa katika nususpishi (tawi la spishi) yao wenyewe, greenwayi, iliyoelezwa na mtaalamu wa ndege Moreau mwaka 1938. Mkondo wa bahari kati ya Unguja na bara ni wa kina kifupi, na katika enzi ya barafu, bahari ilipokuwa imeshuka, kisiwa hiki kilikuwa kimeungana na bara. Ndiyo maana ndege wetu wengi wa msituni ni jamaa wa karibu sana wa wale wa pwani ya bara. Pemba, iliyotengwa na mkondo wa kina kirefu kwa muda mrefu zaidi, ina historia nyingine na ndege wake wa pekee, kwa hiyo yote yanayofuata yachukuliwe kuwa ni ya Unguja.

Kabla ya hatua yoyote, napenda msomaji aliweke moyoni jambo moja ambalo mwongozo wote umejengwa juu yake: rangi ya kifua haitoi jibu. Wengi huona kitu chenye rangi ya chungwa kikipita chini ya kichaka, wakafungua kitabu, wakachagua picha yenye chungwa jingi zaidi. Lakini mwanga wa chini ya msitu umekwisha kuchujwa na majani mabichi, na kijivu kilichomo kwenye mgongo wa ndege huonekana kahawia, huku chungwa likififia au likikolea kulingana na doa la jua aliloangukia. Kinachodumu katika mwanga wa aina yoyote ni michoro, yaani mahali penye cheupe na cheusi, na michoro hiyo iko usoni, kwenye bawa na kwenye ncha ya mkia.

Hatua ya kwanza: kuchagua mahali na wakati

Jozani ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 50. Iko umbali wa kilomita 35 hivi kutoka mjini Zanzibar, kwenye barabara ya kusini, na gari za abiria ziendazo Makunduchi na Jambiani hupita karibu na lango lake. Watu wengi huja kwa ajili ya kima punju, wale kima wekundu wa Zanzibar, ambao huonekana hata saa nne au saa tano asubuhi bila taabu. Ndege wetu hawa hawangojei saa hizo. Mwenye kuwataka afike mapema kadiri taratibu za hifadhi zinavyoruhusu, na ni vizuri kuzungumza na mwongozaji wa hifadhi siku moja kabla ili akubaliane na wewe kuanza asubuhi na mapema. Mwambie wazi kwamba unataka kusimama, si kutembea. Mwongozaji anayejua nia yako atakupeleka mahali pazuri zaidi kuliko pale wageni wanapopitishwa kwa haraka.

Kipindi cha pili kizuri ni jioni, baada ya saa kumi na moja, kivuli kinapoanza kuwa kizito. Kofia-nyekundu hasa hupenda mwanga hafifu, na wakati huo huthubutu kujitokeza kwenye njia ambayo mchana kutwa asingeigusa. Mchana wa jua kali ni bora uende kula na kupumzika.

Mahali penyewe pana tofauti ndogo zinazofaa kujulikana. Sehemu yenye maji karibu na uso wa ardhi, ile yenye mitondoo mikubwa na michikichi, ina giza na majani mengi makavu. Ukitoka hapo unaingia kwenye kichaka cha maweni, ambako miti ni mifupi, ardhi ni ya mawe, na mwanga ni mwingi. Kofia-nyekundu hupenda kichaka kizito chenye unyevu. Mwenye ndevu huridhika pia na msitu mkavu na kingo zake. Hata hivyo maeneo yao yanaingiliana kwa kiasi kikubwa, na mtu asimtaje ndege kwa kuangalia mahali aliposimama peke yake.

Kuhusu vifaa, darubini yenye ukuzaji wa mara 8 inafaa kuliko ya mara 10, kwa sababu ndege huwa karibu na mwanga huwa haba. Ile iliyoandikwa 8x42 huingiza mwanga wa kutosha. Vaa nguo za rangi iliyopoa, funika miguu kwa ajili ya siafu na mbu, na usibebe chakula cha kudondosha makombo. Makombo huwaita kunguru, na kunguru wa mjini, ambao asili yao ni India, ni maadui wakubwa wa mayai na makinda ya ndege wadogo katika kisiwa hiki.

Hatua ya pili: kusikiliza majani

Simama mahali pamoja kwa dakika kumi au zaidi bila kuzungumza. Sauti ya kwanza utakayoisikia si wimbo. Ni majani makavu yanayosogezwa. Jifunze kuzitenganisha sauti hizo. Mjusi hukimbia kwa mkupuo mmoja kisha kimya. Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, hupekua mfululizo huku akisonga mbele, na majani humfuata kwa mchakacho usiokatika. Ndege hawa wawili hufanya tofauti: hurukaruka mara mbili tatu, husimama, hugeuza jani moja au mawili, husimama tena kutazama. Kwa hiyo unachosikia ni sauti fupi, kimya, sauti fupi, kimya.

Ukishaipata sauti hiyo, usiinue darubini mara moja. Tafuta kwa macho matupu mahali palipo wazi mbele ya sauti, kiasi cha mita moja au mbili kuelekea upande ndege anakoendea, kisha elekeza darubini hapo na umngoje. Anayemfukuza ndege kwa darubini ndani ya kichaka huambulia mkia.

Siafu wakiwa wanahama, bahati yako ni kubwa. Wadudu wanaokimbia mbele ya msafara wa siafu huwavuta ndege wengi walao wadudu, na ndege ambaye kwa kawaida ungemwona kwa nukta chache anaweza kubaki hapo kwa muda mrefu. Kaa pembeni ya msafara, si mbele yake.

Hatua ya tatu: uso

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ningependa msomaji atumie muda wake mwingi hapa hata kama itabidi aache mengine.

Uso wa kofia-nyekundu hauna mchoro. Kuanzia mdomoni, kuzunguka jicho, shavuni, kooni hadi kifuani na tumboni, yote ni rangi moja ya chungwa iliyokolea, na katikati yake limekaa jicho jeusi, kubwa, lisilo na mstari wowote juu wala chini. Utosi ni wa kutu iliyochanganyika na kahawia. Mgongo na mabawa ni kijivu chenye ubuluu, na ubuluu huo huonekana vizuri akiwa kwenye doa la jua. Kivulini utamwona ni mweusi-mweusi tu. Ukiona jicho jeusi limezungukwa na chungwa tupu, umekwisha maliza: huyo ni kofia-nyekundu.

Uso wa mwenye ndevu umechorwa. Juu ya jicho una mstari mweupe ulionyooka kama uliochorwa kwa chaki, na juu ya mstari huo pana ukingo mwembamba mweusi unaoutenga na kahawia ya utosi. Koo ni jeupe, na kila upande wa koo una mstari mweusi unaoshuka kutoka kwenye pembe ya mdomo. Hizo ndizo ndevu zake. Chini ya koo jeupe ndipo chungwa linapoanza, tena si chungwa kali, bali ni la kutu, limekolea pembeni mwa kifua na ubavuni, kisha linapotea kwenye weupe wa katikati ya tumbo. Mgongo ni kahawia.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni jepesi: je, uso una cheupe? Kama uso una cheupe, ni mwenye ndevu. Kama hauna, ni kofia-nyekundu. Usijiulize chungwa ni jingi kiasi gani, wala usijiulize ni mkubwa au mdogo, kwa sababu kofia-nyekundu ana urefu wa sentimita 16 hadi 18 na mwenye ndevu 15 hadi 17, na hakuna jicho la mwanadamu linaloweza kupima tofauti hiyo ndani ya kichaka. Usijihangaishe pia kutafuta dume na jike. Katika spishi zote mbili wanafanana.

Mtazame mwenye ndevu anapofanya kazi, kama ukipata nafasi. Huinamisha kichwa upande mmoja, hushika ukingo wa jani kwa mdomo, hulitupa pembeni kwa mkupuo, kisha hurudi nyuma hatua moja kabla ya kutazama kilichokuwa chini yake. Akipata mchwa au mdudu mgumu, humeza papo hapo na kuendelea na jani linalofuata. Mstari mweupe wa jicho hupanda na kushuka kila anapoinama, na mara nyingi ndio unaouona kwanza, kabla ya ndege mwenyewe.

Hatua ya nne: ukimwona kwa nyuma

Mara nyingi ndege atakugeuzia mgongo. Usikate tamaa, kwa sababu nyuma kuna ushahidi unaokaribia nguvu ya uso.

Mkia wa kofia-nyekundu una wekundu wa kutu pande zote mbili, na manyoya ya katikati ni meusi. Anaporuka kutoka chini kwenda kichakani, wekundu humetameta na kupotea. Hakuna weupe popote. Mkia wa mwenye ndevu ni wa giza, na pembe zake za mwisho ni nyeupe, na anapoutandaza au kuuinua, kama anavyopenda kufanya akitua, weupe huo wa pembeni huonekana wazi. Juu ya mkia, kiunoni, ana wekundu wa kutu, na hapo ndipo watu wanapokosea: huona wekundu ule wa kiunoni na kuudhani ni wa mkia. Tazama ncha, usitazame shina.

Bawa nalo linasaidia. Mwenye ndevu ana baka dogo jeupe kwenye ukingo wa bawa lililokunjwa. Kofia-nyekundu hana.

Mwendo wao hautofautiani sana, kwani wote hurukaruka, wala sioni faida ya kuutegemea.

Hatua ya tano: sauti, na namna ya kutodanganyika nayo

Watu wengi wa vijijini karibu na msitu huwatambua ndege kwa sauti kabla ya kuwaona, na hilo ni sahihi kwa ndege wengi. Kwa wawili hawa, sauti ni msaada mkubwa na pia ni mtego.

Mwito wa kawaida wa kofia-nyekundu ni wa noti mbili zenye mtetemo, moja juu na moja chini, zinazorudiwa kwa utulivu kwa muda mrefu bila kubadilika: prii-pruu, prii-pruu, prii-pruu. Si mwito mkubwa, lakini hupenya kichakani, na ni vigumu kusema unatoka upande gani. Ukishausikia mara kadhaa huwezi kuusahau, na ndio ushahidi bora wa sauti kwa ndege huyu.

Wimbo wake ni jambo jingine kabisa. Kofia-nyekundu ni mwigaji mkubwa. Huchukua miito ya ndege wengine wa jirani na kuipanga ndani ya wimbo wake mmoja baada ya mwingine, na kwingineko barani Afrika amejulikana kuiga hata mluzi wa binadamu. Ndiyo maana msikilizaji anayesema nimesikia ndege watano kwenye kichaka kimoja alfajiri anapaswa kuhakikisha kwanza kwamba hakumsikia mmoja. Dalili ya mwigaji ni kwamba sauti hizo tofauti zote hutoka mahali pamoja, hazipishani wala hazigongani, na katikati yake mara kwa mara hurudi ule mwito wa noti mbili.

Mwenye ndevu huimba kwa mpangilio. Hutoa kifungu kifupi cha mluzi ulio wazi, hukirudia mara mbili, tatu au zaidi, hunyamaza kidogo, kisha huanza kifungu kingine na kukirudia vilevile. Sauti ni kubwa, safi na yenye kusikika mbali, na ndege huimba akiwa ametulia kwenye tawi ndani ya kivuli, juu kidogo ya vichaka. Naye pia huweza kuingiza vipande vya sauti za ndege wengine, lakini ule utaratibu wa kurudia na kunyamaza hubaki. Akishtuka, hubadilika kabisa: hutoa sauti kavu za kukatika-katika, zikifuatwa na mkwaruzo mrefu.

Kanuni ninayoishauri ni hii: mwito wa prii-pruu ukubali kama ushahidi kamili, wimbo ukubali kama ushahidi wa nusu, mpaka umwone mwimbaji usoni. Kutumia simu kupiga sauti iliyorekodiwa ili kumwita ndege ni jambo la kuepukwa, hasa katika majira ya kuzaliana. Ndege aliyeitwa hivyo huacha kula na kuacha kiota ili kumtafuta mpinzani ambaye hayupo, na katika msitu mdogo kama Jozani, unaopita watu kila siku, usumbufu huo hurundikana juu ya ndege walewale wa pembezoni mwa njia.

Hatua ya sita: makinda

Katika miezi ya mvua na baada yake unaweza kukutana na ndege mchanga mwenye madoadoa mwili mzima, rangi ya kahawia na njano iliyofifia, asiyefanana na picha yoyote. Makinda ya spishi zote mbili yana madoa hayo. Uso wa kinda haujakamilika, kwa hiyo hapa kanuni inageuka na mkia ndio unaoshika nafasi ya kwanza: wekundu pembeni kwa kofia-nyekundu, pembe nyeupe kwa mwenye ndevu. Njia iliyo salama zaidi ni kungoja mzazi aje kulisha.

Ukimwona mzazi akiwa na wadudu mdomoni na hataki kushuka, umesimama karibu na kiota. Kofia-nyekundu hujenga kwenye kisiki kilichooza, ufa wa shina au chini kabisa, na mwenye ndevu hutumia pango la mti lisilo juu sana. Rudi nyuma kwa njia uliyojia, bila kufunua majani wala kupiga picha, na usimwonyeshe mtu mwingine mahali hapo.

Hatua ya saba: kuandika ulichokiona

Andika papo hapo, kabla ya kufungua kitabu, kwa sababu kitabu kikishafunguliwa kumbukumbu hufuata picha. Andika michoro uliyoiona na ile uliyoitafuta ukaikosa. Mfano wa maandishi yanayotosha ni huu: "Jozani, njia ya mitondoo, saa 12:40 asubuhi, mawingu. Ndege mmoja chini, mita 6. Jicho jeusi katika chungwa, hakuna mstari mweupe. Mkia mwekundu pembeni, katikati mweusi. Aliita noti mbili mara nyingi. Kofia-nyekundu." Maandishi ya namna hiyo yanaweza kukaguliwa na mtu mwingine hata baada ya miaka mingi. Maandishi yanayosema "kofia-nyekundu mmoja, mzuri sana" hayawezi kukaguliwa na mtu yeyote.

Kama uliona kifua tu, au kama ulisikia wimbo bila kumwona mwimbaji, andika "mmoja kati ya hawa wawili" na uache hivyo. Kumbukumbu za Unguja zinahitajika. Mradi wa Atlasi ya Ndege wa Tanzania hukusanya taarifa za nchi nzima, visiwa vikiwemo, na kinachotakiwa kwa kila ndege ni tarehe, mahali palipotajwa kwa usahihi, na spishi yenye hakika. Unapopeleka orodha yako, zile za "mmoja kati ya hawa wawili" zibaki kwenye daftari lako, pamoja na jina la njia na saa, ili asubuhi nyingine urudi kusimama mahali palepale.